Ushahidi wa Wimbo wa Wale Saba

1

Halmashauri iliwapelekea akina mama wa kiwanda cha betri bendi ya muziki, na kosa lilikuwa langu.

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa Jumatano saa nane mchana, jua la Itundilo linachoma hadi lami inanata kwenye viatu. Lori la halmashauri liliegeshwa nje ya geti la kiwanda. Vijana wenye mashati ya njano wakashusha spika, wakajaribu gitaa, kisha mwimbaji akasema kwenye kipaza sauti, "Akina mama wa betri, hoyee! Tumewaletea burudani mliyoomba!"

Hakuna aliyeitikia. Hakuna mama aliyetoka. Banda la kuchambulia betri ni refu, la mabati, halina dirisha hata moja. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa nje. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amekalia ndoo karibu na geti, anatikisa kichwa kufuata besi.

Wakapiga nyimbo nne. Wa mwisho ulikuwa *Wale Saba*. Waliupiga vizuri, kwa furaha, kama wimbo wa kutolea bibi harusi nje. Wakakunja nyaya, wakaondoka.

Mimi nikarudi dukani kwangu, nikavuta mlango, nikakaa kwenye kiti. Sikuweza hata kuchemsha chai.

2

Kesho yake asubuhi akaingia msichana wa miaka ishirini na kidogo, amevaa ovaroli ya kijivu yenye madoa meusi mapajani. Duka langu ni dogo. Nauza nyimbo za zamani, zile ambazo watu hawazipati kwingine, na natengeneza redio. Alisimama katikati bila kugusa kitu.

"Wewe ndiye Mihayo Lugendo?"

"Ndiye."

"Shahidi wa Sikio?"

"Ndiye, binti. Unatafuta wimbo gani?"

"Wimbo ninao. Natafuta aliyeuua."

Akanitupia kwenye meza furushi la kadi za salamu, nakala zake. Nikazichukua. Ya juu iliandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kubana: *Mimi Minza Hachelewi Zamu, nikiwa kazini, nawasalimu Tabu Mkono wa Chuma, Mama Kifuniko, Ng'washi Usinicheke, na wote wa banda namba mbili. Wimbo, Wale Saba. Ujumbe, tupo.*

"Ziko sitini na nne," alisema. "Wiki tatu tumeandika. Tukifika nyumbani mikono inatetemeka na bado tunaandika. Mkataba wetu unasema ukilalamika nje umejifukuza kazi. Lakini hausemi usiombe wimbo. Tukasema basi, Sikio lipo, Sikio linajua nyimbo, litasikia. Nalo limetuletea nini, baba?"

Nikafunua kadi ya pili.

"Limetuletea bendi! Sisi tumefungiwa ndani, moshi wa betri unatukwaruza koo, na nje kuna mtu anatuambia hoyee. Mama Kifuniko alicheka mpaka akalia. Alisema kesho watatuletea na mchekeshaji."

"Mlango unafungwa tangu lini?"

"Tangu walipogundua mtu ametoka na madini kwenye soksi. Zamu nzima. Ukitaka choo unagonga, mlinzi akijisikia anafungua." Akaweka kidole juu ya meza. "Nilikwenda ofisi ya Sikio. Nikauliza, huu wimbo mmeuandikaje? Wakaniambia umewekwa kwenye burudani, shahidi ni Mihayo Lugendo wa sokoni. Sasa nieleze. Babu yangu ndiye aliyeutunga. Najua ulivyozaliwa. Wewe uliliambia nini Sikio?"

"Babu yako ni Kashinje?"

"Kashinje wa gitaa, ndiyo. Na Mbuke, jina la tatu kwenye kiitikio, ni bibi yangu."

Nilimwambia nitalishughulikia. Ndivyo nilivyosema, kama karani. Alikusanya kadi zake.

"Fanya haraka," alisema. "Lile banda lina joto."

3

Nieleze kwa wasiokulia kwetu.

Zamani mwananchi akiwa na shida aliandika barua halmashauri. Kisha zikaja mashine za kuandika barua. Mtu mmoja aliweza kutuma malalamiko elfu kumi kwa majina elfu kumi kabla hajamaliza kunywa uji. Mwaka mmoja Itundilo, mji wa watu laki mbili, ilipokea barua milioni nane. Ndani yake kulikuwa na watu wa kweli wanaokufa kwa kipindupindu, na hakuna aliyeweza kuwaona.

Ndipo mtu mmoja mwenye akili akagundua kuna kitu kimoja ambacho watu wa huku bado wanakifanya kwa mkono. Kadi za salamu. Saa kumi kila alasiri redio ya mji inasoma kadi, fulani anamsalimu fulani, na mwisho anaomba wimbo. Klabu za salamu zina wanachama wa miaka arobaini. Kadi inanunuliwa, inaandikwa kwa kalamu, inapelekwa kwa mguu. Hakuna mashine iliyowahi kujisumbua kughushi salamu.

Wakajenga Sikio. Linasoma kila kadi na kutazama nani anaomba wimbo gani, mtaa gani, mara ngapi. Halijali maneno ya wimbo. Nyimbo nyingi maneno yake ni mapenzi matupu. Linachotaka kujua ni wimbo ulizaliwa na tukio gani, kwa sababu watu wakipatwa na jambo mioyo yao inarudi kwenye wimbo wa siku ile, hata wasipojua kwa nini. Watu wa Igoko, mfano, waliomba *Barua ya Shemeji* mara thelathini kwa wiki moja. Wimbo wa barua na shemeji, basi. Lakini ulitoka mwaka ambao pampu ya Igoko ilikufa na watoto wakaharisha. Sikio likapeleka magari ya maji Igoko kabla mtu hajafungua mdomo. Walipopima kisima kikakutwa kimeoza. Hadi leo magari yanakwenda.

Aliyeliambia Sikio habari ya *Barua ya Shemeji* ni mimi.

Nimeishia darasa la tano. Lakini tangu nikiwa na miaka kumi na nne nilikuwa nafuata bendi na kinasa sauti changu kidogo. Miaka tisa iliyopita halmashauri ilinikalisha kwenye Kiti cha Ushahidi miezi minne. Nilitoa habari za nyimbo mia nne na kumi na mbili. Sikio linauliza maswali manne tu kwa kila wimbo. Nani aliimba? Lini? Kwa sababu gani? Umejuaje? Hilo la mwisho ndilo gumu. Sikio halikubali "nilisikia watu wanasema". Linataka ulikuwa wapi, ulisimama na nani, uliona nini.

Nyimbo mia nne na kumi na moja nilisema kweli tupu. Kwenye *Wale Saba* nilisema yale majina saba ni ya mashabiki wa kike waliokuwa wakikaa meza ya mbele, nami nilikuwa nawaona kila Jumamosi.

Wale saba walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Waliteketea ndani, miaka thelathini na minane iliyopita, mlango ukiwa umefungwa kwa nje wasitoroke kabla ya kupimiwa pamba waliyochambua. Mume wa mmoja wao alikuwa Kashinje, mpiga solo. Alitunga wimbo baada ya arobaini, akauwekea mdundo wa furaha kwa sababu, alisema, Mbuke hakupenda nyimbo za kuburuza miguu.

Ufunguo wa mlango ule nilikuwa nao mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, msaidizi wa mlinzi. Mlinzi alikuwa mjomba wangu Shija. Polisi walipokuja alisema ufunguo ulipotea mikononi mwake. Alifungwa miaka minne, akatoka na kifua kibovu, akafa. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi.

Kwa hiyo Sikio liliponiuliza umejuaje, nikatunga mashabiki wa meza ya mbele.

4

Ofisi ya Sikio iko ghorofa ya pili juu ya benki. Msimamizi wake anaitwa Kabula, mhandisi, mwanamke mnene mcheshi ambaye ana tabia ya kula karanga akiwa kazini. Alinitengea kiti.

"Mzee wangu wa nyimbo! Umekumbuka wa mia nne na kumi na tatu?"

"Kuna mmoja nilikosea."

"Kukosea tarehe si tatizo. Tunarekebisha, nusu saa."

"Si tarehe, mama. Sababu yenyewe."

Kabula akaacha kutafuna. "Ulikosea au ulidanganya? Samahani kuuliza hivyo. Sikio lina milango miwili, inabidi nijue nakupitisha wapi."

"Tofauti yake nini?"

"Ukikosea, unarekebisha wimbo mmoja. Ukidanganya, Sikio linasema huyu shahidi anaweza kudanganya. Linazifunika nyimbo zake zote mpaka kila mmoja upate mashahidi wapya watatu. Zote mia nne na kumi na mbili." Akahesabu kwa vidole vyenye maganda ya karanga. "Maji ya Igoko yanasimama. Zahanati inayotembea ya Mwabasabi inasimama, ile ilitoka kwenye *Mguu wa Kushoto*, wako pia. Ulinzi wa njia ya shule kule machimboni. Miezi miwili, mitatu. Na ushahidi uliobadilishwa unasomwa redioni saa kumi, kabla ya salamu. Ni sheria."

"Mtu mwingine hawezi kuutolea ushahidi mpya huo wimbo? Kashinje mwenyewe yupo."

"Kashinje tulimfuata sisi kwanza, miaka tisa iliyopita. Alisema hawezi kumweleza mke wake kwa mashine. Akibadili mawazo leo, shahidi mpya anayempinga wa zamani anasubiri siku tisini. Aliyeapa akijirekebisha mwenyewe, ni saa ileile." Aliniinamia. "Ni wimbo gani, mzee?"

Nilimwambia nitarudi.

Nilishuka ngazi nikijiambia nawafikiria watu wa Igoko. Watu elfu sita, watoto, ndoo. Niliona haya kidogo kwa jinsi hoja ile ilivyonikaa vizuri. Nilimjua hata bibi mmoja wa kule, mteja wangu, nikamweka mbele ya macho yangu na ndoo yake kavu, nikamtazama yeye ili nisimtazame Minza. Mtu akitaka kujificha, watu elfu sita wanatosha kabisa.

Nilikaa Alhamisi. Nikakaa Ijumaa. Nilitengeneza redio tatu.

5

Jumamosi saa nne asubuhi niliona moshi mweusi upande wa kiwanda, mwembamba, ukapanda kwa muda mfupi, ukakatika. Watu sokoni walitazama wakaendelea kupima nyanya.

Saa saba mchana Minza alikuja. Hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Betri moja imelipuka," alisema. "Mama Kifuniko alimwagia mchanga, moto ukafa. Lakini kabla haujafa watu walikimbilia mlango. Mlinzi alikuwa amekwenda kununua vocha."

"Kuna aliyeumia?"

"Tabu. Alipanda mashine akatokea kwenye tundu la feni. Ni juu, baba. Ameanguka upande wa pili kwenye zege. Miguu yote miwili." Alisema polepole, kama anayesoma. "Kampuni imeandika ameanguka kwenye ngazi. Jumatatu tunarudi, na mlango utafungwa. Umeshughulikia?"

"Bado."

"Bado," alirudia.

Alitazama zile redio tatu kwenye meza, zimepangwa, zimefutwa vumbi.

"Wewe una watoto?"

"Sina."

"Nilidhani hivyo."

Akaondoka. 

6

Jumamosi ofisi hufungwa saa nane. Nilifika saa nane kasoro dakika tano nikihema. Kabula alikuwa ameshika mkoba.

"Kudanganya," nikamwambia. "Nipitishe mlango wa kudanganya."

Aliweka mkoba chini. Hakunitania.

Kiti cha Ushahidi ni kiti cha kawaida cha mbao, kina mto. Mbele yake kuna ukuta mweupe na kitundu cha sauti. Sikio lina sauti ya mtu asiye na haraka. Halina jinsia wala kabila.

"Mihayo Lugendo. Wimbo?"

"*Wale Saba*."

"Nani aliimba?"

"Kashinje, na bendi ya kiwanda. Hilo halijabadilika."

"Lini?"

"Siku arobaini na tatu baada ya moto wa kiwanda cha pamba."

"Kwa sababu gani?"

"Majina saba ni ya wanawake waliokufa kwenye ule moto. Hawakuwa mashabiki wa meza ya mbele. Hapakuwa na meza ya mbele. Walikufa kwa sababu mlango ulifungwa kwa nje na mwenye ufunguo hakuwepo."

"Umejuaje?"

Kabula alikuwa nyuma yangu. Nilisikia karanga zinamwagika kwenye bakuli.

"Mwenye ufunguo ni mimi," nikasema. "Si Shija. Shija alinificha."

Nilidhani imekwisha. Nilishaanza kuinuka. Lakini ushahidi wa kubadilisha una maswali ya ziada, na hilo Kabula hakuniambia, au aliniambia sikusikia.

"Ulikuwa wapi?"

"Ukumbi wa mazoezi wa bendi. Mwendo wa dakika nne kutoka kiwandani. Nilikuwa narekodi. Niliona zamu bado ndefu, nikatoroka na ufunguo mfukoni."

"Ulijua saa ngapi kwamba kuna moto?"

Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hata mimi nilikuwa nimelizungushia ukuta. Kwa miaka yote nilikuwa nikijiambia: ulisahau wajibu, ulikuwa kijana, ulipenda muziki. Hilo ni kosa ambalo mtu anaweza kulibeba na bado akala wali.

"Nilisikia king'ora," nikasema. "Saa tisa. Zamu ilikuwa inaisha saa kumi na moja, kwa hiyo nilijua si king'ora cha zamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, wao ndani hawakuweza kusikia kwa ajili ya spika."

"Ulifanya nini?"

"Nilisubiri wimbo uishe."

Sikio likanyamaza. Linanyamaza hivyo likiandika, najua, lakini siku ile nilihisi linanitazama.

"Rudia jibu."

"Kinasa kilikuwa kinanasa. Walikuwa wanapiga vizuri kuliko siku zote nilizowahi kuwasikia. Nikajiambia, ukiisha huu nitakwenda. Nilisubiri wimbo uishe. Nilipofika walikuwa wameshavunja ukuta kwa trekta, na hakukuwa na wa kufunguliwa. Ufunguo niliutupa chooni."

"Ushahidi umepokelewa," likasema Sikio. "Nyimbo mia nne na kumi na mbili zimefunikwa. *Wale Saba* umefunuliwa. Kadi sitini na nne zinasomwa upya."

Kabula alisogea hadi kwenye kioo cha kompyuta yake. Alisimama pale amenipa mgongo.

"Amri imetoka," alisema. "Wakaguzi na zimamoto, banda namba mbili. Wanakwenda leo." Kisha akasema, "Nenda nyumbani, mzee. Saa kumi inakaribia."

Sikwenda nyumbani. Nilisimama sokoni katikati ya watu, saa kumi ikafika, na redio za vibanda vyote, nyingi nilizitengeneza mwenyewe, zikasema kwa sauti moja yale niliyoyasema. Muuza vitunguu alikuwa akinipimia. Aliposikia jina alirudisha vitunguu vyangu kwenye fungu, kimoja kimoja.

7

Mlango wa banda namba mbili uling'olewa Jumapili, pamoja na bawaba zake. Wakatoboa milango mingine mitatu. Meneja alisema redioni kwamba usalama umekuwa kipaumbele chao siku zote. Polisi walinichukua maelezo siku mbili. Wakasema nilikuwa mtoto, na aliyehukumiwa alishatumikia kifungo na alishakufa, watapeleka jalada juu na nisisafiri. Nikawaambia sina pa kwenda.

Minza alikuja Alhamisi. Safari hii hakusema baba.

"Babu anakuita," alisema. "Nimemwambia asikuite. Anakuita."

Kashinje anaishi Igoko. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Kwenye tangi linalojazwa na magari ya maji foleni ya ndoo ilikuwa imepinda mara mbili na bomba lilikuwa limekauka tangu Jumapili. Mama mmoja alinitambua.

"Jamani, huyo! Shahidi wa kiu! Njoo ushuhudie hii!" Akageuza ndoo juu chini. Wengine wakacheka kwa hasira. Minza hakunitetea wala hakuharakisha.

"Mmepata shahidi mwingine wa *Barua ya Shemeji*?" nilimuuliza tulipowapita.

"Wawili. Wanataka watatu. Mmoja anaumwa."

Mzee Kashinje alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba. Amekuwa mdogo. Vidole vyake vimekakamaa kwenye viungo, kama mizizi ya tangawizi. Sikuwa nimekaa naye uso kwa uso kwa zaidi ya miaka ishirini, maana kila nilipomwona njiani nilikuwa nakata kona.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Alinyoosha kidole kwenye kigoda. Nikakaa.

"Nimesikia redioni," alisema. "Maneno ya redioni yanakimbia. Nataka kuuliza taratibu. Tulikuwa tunapiga upi?"

"*Treni ya Jumamosi*."

"Nilidhani huo. Tulikuwa tunauandalia maonyesho." Akafikiri. "King'ora ulikisikia tukiwa wapi? Maneno yalikuwa bado?"

"Maneno yalikuwa yameisha. Ulikuwa umeingia kwenye sebene. Mwanzo kabisa."

"Pale ninapopanda?"

"Kabla hujapanda. Besi ilikuwa imebaki peke yake."

Akageuka. "Minza, nipe gitaa."

"Babu, vidole vyako."

"Nipe."

Lilikuwa gitaa kavu lenye nyuzi tano. Alichukua muda kulilaza kwenye paja. Alipiga mguu chini mara nne, taratibu, akaanza pale nilipomwambia, kabla hajapanda.

Alipiga sebene lote. Sijui nilitegemea nini, labda kipande, labda aonyeshe kidogo aache. Hakuacha. Sehemu ambazo vidole vilikataa alisimama, akasubiri na mguu ukiendelea kupiga, akaingia tena mbele yake kama vile wenzake wanne bado wanashikilia. Alipiga mzunguko wa kwanza na wa pili. Alirudia pale pa kuitikiana na tumba, akaacha nafasi ya tumba. Jirani mmoja alikuja kuchungulia ukutani, akatabasamu, akaona uso wa Minza, akaondoka. Mimi nilikuwa nikifikiri, sasa ningekuwa njia panda. Sasa ningekuwa getini. Sasa ningekuwa nimeingiza ufunguo. Na bado alikuwa anapiga. Nilipata muda wa kufungua mlango ule, kichwani mwangu, na kurudi ukumbini, na kuukuta wimbo haujaisha.

Minza alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu.

Mzee alipofika mwisho aliweka kiganja juu ya nyuzi.

"Hapo?"

"Hapo."

"Ndipo ukakimbia."

"Ndipo nikakimbia."

Alitikisa kichwa polepole. "Nilikuona. Ulitoka mlangoni kama risasi, mimi ndiyo nikashtuka, nikatoka nyuma yako. Nikasikia king'ora. Nikaona moshi. Ulikuwa mbele yangu njia nzima, mtoto mwembamba, viatu vimekuvuka, huangalii nyuma. Nikasema moyoni, huyu si ndugu yangu, si wa ukoo wangu, na anakimbia hivi kwa ajili ya mke wangu."

Akalaza gitaa chini. Nilitaka kupiga magoti, nikajua kwamba hata hilo lingekuwa la kujisaidia mimi.

"Miaka thelathini na minane, Mihayo," alisema. "Kila nikisali, nikishamtaja Mbuke, nakutaja wewe. Nashukuru kwa zile mbio zako."